Meli Haina Viza

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na kazi hiyo imemfundisha kwamba duniani hakuna mlango usiofunguka, mradi mfukoni kuna kadi inayotakiwa. Ana kadi ya mafuta, kadi ya afya, kadi ya kuingilia maghala ya Mesquite, na zote amezipanga kwenye pochi moja nene anayoikalia kutwa nzima. Kwa hiyo aliporudi nyumbani kwetu Carrollton, kando ya Dallas, siku moja, akavua viatu mlangoni na kutangaza kwamba amelipia safari ya meli ya kitalii itakayotia nanga Shanghai, na kwamba mama yangu yumo, swali la viza halikunijia hata kidogo. Nilimuuliza kama amekula.

"Nime-book watu watatu," akasema. "Mwambie Mum aanze ku-pack."

Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi akichambua maharagwe, na alisikia kila neno. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo. Wanaheshimiana kwa kupitia kwa mtu wa tatu, na katika nyumba yangu mtu wa tatu huwa ni mimi. Tangu mama aje kukaa nasi nimekuwa nikipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ilhali wote wawili wako sebule moja na hakuna aliye kiziwi.

"Mkwe wangu amesema Shanghai?" mama akaniuliza.

"Amesema Shanghai."

"Mwambie Mungu amzidishie."

Akaweka sinia ya maharagwe chini, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Nilijua analia, na nilijua si kwa huzuni, basi nikamalizia maharagwe mwenyewe.

Shanghai ndiko anakoishi ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Alienda kusoma uhandisi, akapata kazi, akapata mke wa huko huko, na hatimaye wakapata binti. Kwetu kifungua mimba akiwa msichana hupewa jina la mama mzaa baba, na si jina la ukumbusho tu. Mtoto huyo ni nyanya mwenyewe, amekuja mara ya pili. Ndugu yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, humwita binti yake "Mama" mbele za watu na humwomba ruhusa kabla ya kuzima televisheni. Mwenye jina naye anatakiwa amshike mtoto kwa mikono yake na kumbariki, na asipofanya hivyo jambo linakuwa halijaisha. Mama alikuwa hajamshika. Mtoto alishafikia umri wa kukimbia na kujibizana, na hadi hapo walikuwa wamekutana kwenye simu tu, kiasi kwamba kwa muda mrefu yule mtoto aliamini shosho, yaani nyanya, ni aina fulani ya simu.

Njia nyingine tulikuwa tumezijaribu. Ndugu yangu aliomba viza ya Marekani akanyimwa, akaomba tena akanyimwa tena. Mtoto mwenyewe hakuwa na pasipoti, kwa sababu wazazi wake walikuwa bado hawajakubaliana awe raia wa wapi. Na mama, kwa magoti yake yale, hakuwa mtu wa kupandishwa ndege peke yake abadilishe uwanja hapa na pale. Hakulalamika. Siku moja tu, tukikunja nguo zilizotoka kwenye mashine, alisema, "Kuna mimi mwingine huko na sijamwona," kisha akaendelea kuoanisha soksi. Mume wangu alikuwa jikoni. Nadhani ndipo alipoanza kutafuta meli.

Sasa hii imani kwamba meli haina viza, hakuiokota barabarani. Mara mbili tulikuwa tumeendesha gari hadi Houston, tukashuka hadi bandari ya Galveston na kupanda meli ya kwenda Mexico. Mimi na mume wangu tulishakuwa raia wa Marekani. Mama alikuwa bado na pasipoti yake ya Kenya na kadi ya ukaazi, ile green card ambayo Wakenya wa Dallas huitunza kuliko vyeti vyao vya ndoa. Mara zote mbili kadi ile ilitosha. Mama alishuka Mexico kama mwenye shamba, akanunua kofia pana, akarudi melini kula samaki. Kanisani kwetu wengi wanaijua safari hiyo ya Galveston kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo mume wangu alipokuwa akisema kwenye chai ya baada ya ibada, "Meli haina viza, bora green card," watu walikubali kwa vichwa na kuongeza maandazi.

Ni kwenye chai hiyo hiyo mambo yalipoharibika. Zilikuwa zimebaki wiki chache tusafiri. Muuguzi mwenzangu mmoja, ambaye amewahi kwenda Beijing na hana tabia ya kuzungumza kwa ajili ya kujaza hewa, alimpongeza mama, kisha akanigeukia. "Na viza ya Mum ya China ilitoka?"

"Meli haina viza," mume wangu akadakia.

"Hiyo ni ya Mexico," akasema yule dada. "China wata-check passport yake. Hamkutumiwa email?"

Mume wangu akatoa simu. Ujumbe wa kampuni ya meli ulikuwapo, umekaa hapo muda mrefu, haujafunguliwa. Ulisema kila abiria ahakikishe mwenyewe masharti ya kuingia katika kila bandari kulingana na uraia wake, na kwamba asiye na kibali atabaki melini wengine wakishuka. Nikausoma mara mbili. Nikamwona mama, kwa macho ya moyo, amesimama kwenye sitaha akitazama mji alimo mjukuu wake, kikombe cha chai mkononi, magoti yamevimba. Nilikasirika.

Nyumbani sikungoja kukaa. "Yaani umeshindwa kufungua email moja!" nikaanza.

"Usimgombeze mkwe wangu mbele yangu," mama akasema.

"Basi nenda chumbani, nimgombeze."

"Siendi."

Akaketi palepale, mkoba magotini, na hakuondoka hadi hasira zangu zikapoa. Ilibidi nimfuate mume wangu gereji, na kufikia hapo maneno yangu bora yalikuwa yamenitoka. Alikuwa amesimama kando ya gari akisoma ule ujumbe upya kwa sauti ya chini. Sikuweza kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka.

Nilipiga simu nyingi. Mtu wa kampuni ya meli alisema niulize ubalozi, mashine ya ubalozi ilisema nisome tovuti, na tovuti nilipoisoma nilitoka na maswali zaidi ya niliyoingia nayo. Mwishowe yule muuguzi mwenzangu akanipa habari za mama mmoja Mchina wa Houston ambaye kazi yake ni kuwaombea watu viza. Nilitaka nimtumie pasipoti kwa posta. Mama akakataa. Pasipoti ile ilikuwa mpya, aliisubiri kutoka ubalozi wetu muda mrefu wa kutosha kumzeesha, na haingetoka mikononi mwake kwenda kwa mtu ambaye hajamwona uso.

Basi siku yangu ya mapumziko tukashika barabara ya Houston, mume wangu akiendesha, mama kiti cha nyuma. Mume wangu akiwa na hatia huendesha vizuri ajabu. Hakuvuka mwendo, hakumlaani mtu, na kila kituo cha mafuta aliuliza kupitia kwangu kama mama angependa kunyoosha miguu. Mama alipenda. Kwenye kituo kimoja alinunua karanga za kuchomwa, akanipa nimpe mkwe wake.

Ofisi ilikuwa kwenye safu ya maduka upande wa Wachina, katikati ya mkahawa wa tambi na kliniki ya meno. Mwenye ofisi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Mama alimsalimia kwa mikono miwili, akamtazama usoni vizuri, kisha ndipo akafungua mkoba.

Yule mama alizipanga pasipoti zetu tatu mezani. Akasukuma mbili upande mmoja. "Hizi za Marekani. Mnapita kwenda nchi nyingine, tiketi zinaonyesha hivyo, mnaweza kushuka siku chache bila viza." Akagusa ya tatu. "Kenya haimo kwenye utaratibu huo."

Mama, ambaye Kiingereza anakielewa zaidi ya anavyokiri, akatoa kadi ya ukaazi na kuiweka juu ya meza. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kumrudisha Marekani. Uchina inasoma pasipoti."

"Mexico waliikubali," mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka angalau apewe hilo.

"Mexico waliamua kuikubali," akajibu. "Ni nyumba yao."

Akatueleza viza ya kutembelea jamaa: barua ya mwaliko kutoka kwa mke wa ndugu yangu, nakala ya kitambulisho chake, picha, na pasipoti yenyewe kupelekwa Washington. Alisema zamani angeipeleka hapa hapa Houston na kuifuata baadaye, lakini ubalozi mdogo wa Uchina wa Houston ulifungwa miaka iliyopita. Sasa tukituma, huenda pasipoti ikarudi kwa wakati, huenda ikarudi ndege yetu ya Singapore, tunakopandia meli, imeshaondoka. "Siwezi kukuahidi," akasema, na nilimheshimu kwa hilo ingawa roho ilinishuka.

Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Nikauliza kama ndiyo basi.

"Kuna njia ya kundi," akasema mwenye ofisi. Watalii wanaofika kwa meli, hata wawili tu, wakipokewa na kampuni ya utalii ya Uchina, wanaweza kuingia bila viza, Mkenya au asiye Mkenya. Majina yanapelekwa mapema. Wanashuka pamoja, wanatembezwa pamoja, wanaondoka na meli ile ile. "Lakini ni kundi. Mama hawezi kwenda kwa mtoto wake. Hata kama ni mtaa wa pili. Hata kwa chai."

Nilimtafsiria mama, nikijaribu kulainisha, lakini hapakuwa na pa kulainisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, taratibu, kwa Kiswahili safi ili nisikosee, "Muulize hivi. Kuna sheria inayomkataza mwanangu kutembea mahali ambapo watalii wanatembea?"

Nikauliza. Yule mama akavaa miwani, kana kwamba swali limeandikwa mahali. Kisha akacheka.

"Hakuna," akasema. "Masharti ni ya mama. Mwanawe anaishi kule, anatembea anapotaka."

Mama akazichukua pasipoti na kadi, akazirudisha mkobani, akamshukuru kwa mikono miwili tena. Tulikula mkahawa wa jirani. Mama alisema zile ni tambi za kawaida, zimekosa sukari tu, akamaliza bakuli. Njiani kurudi nilidhani amelala, lakini tulipokaribia Dallas alisema kutoka nyuma, kwangu, ingawa si kwangu, "Mkwe wangu angejua mambo ya viza, hangekata tiketi. Tungekuwa bado tunaongea na simu." Mume wangu hakujibu, kwa kuwa si yeye aliyeambiwa, ila niliona mabega yake yakishuka mahali pake.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na furaha ya kazi. Ndugu yangu alitaka kujua kila matembezi ambayo meli inayatoa, akayakataa moja moja. Mnara mrefu, hapana, watu wanakimbizwa. Soko la hariri, hapana, milango mingi. Tukaangukia bustani moja ya zamani yenye bwawa la samaki, ambako makundi hupewa nafasi ya kupumzika na kunywa chai. Mimi nilihakikisha, kwa simu na kwa maandishi na kwa simu tena, kwamba jina la mama limo kwenye kundi hilo na kwamba kuna kampuni ya Uchina itakayolipokea. Yule wa kampuni ya meli alifikia mahali akanitambua kwa kukohoa.

Halafu kulikuwa na mazoezi. Tulisikia kwamba mwongoza watalii hutembea mbele ameinua bendera, na anayeipoteza bendera analitia kundi zima matatani. Mama hajawahi kumtia mtu matatani. Basi Jumamosi tulienda kwenye jumba la maduka la Mesquite, mume wangu mbele ameinua mwavuli juu, mama nyuma na kofia yake ya Mexico, wakizunguka kati ya maduka ya viatu na mashine za barafu. Wala hapakuhitajika neno kati yao. Niliketi kwenye benchi nikawatazama wakipita mara ya kwanza, ya pili, watu wakiwapisha, na nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda. Mume wangu alipogeuka ghafla kuingia duka la simu ili amjaribu, mama alimfuata hadi kaunta.

Tuliruka hadi Singapore, ambako pasipoti ya Kenya hupita bila shida, na ndiko tulikopandia meli. Safari yenyewe sitaieleza. Maji ni maji, chakula kilikuwa kingi, na mama alizoea kuogea mahali padogo. Asubuhi ya Shanghai alivaa gauni lake la kanisani. Mimi na mume wangu tungeweza kushuka kivyetu, lakini tulikata shauri tubaki chini ya bendera pamoja naye.

Kwenye uhamiaji foleni ya kundi letu ilikwenda vizuri hadi ilipofika kwa mama. Afisa aliishika pasipoti ya Kenya, akaigeuza, akamwita mwenzake. Wakaitazama wote wawili. Mwongozaji wetu, msichana mwenye bendera ya manjano, akasogea na karatasi yake ya majina, wakaongea Kichina muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Mama alisimama wima, mikono imeshika mkoba. Kisha afisa akamrudishia pasipoti na kumwonyesha njia, na mama akamwambia asante kwa Kiswahili.

Bustanini niliwaona kabla yake. Ndugu yangu alikuwa amesimama kando ya bwawa, amenenepa, mkewe pembeni na mtoto amemng'ang'ania mguu. Bendera ya manjano ilipinda kona, mama akaifuata kama alivyojifunza, na akatokea mbele yao. Hakukimbia. Hakumkumbatia mwanawe kwanza, ingawa alikuwa hajamwona miaka mingi. Alisimama, akaita jina lake mwenyewe, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliye shambani.

"Abee!" mtoto akaitika.

Ndugu yangu alikuwa amemfundisha hilo nyumbani, na kabla ya hapo nisingeamini kwamba neno dogo hivyo linaweza kunivunja. Mume wangu akageuka kutazama samaki.

Mama akaketi kwenye ukingo wa mawe, na mtoto akaletwa. Akamshika mikono, akaikagua pande zote mbili, akamkagua masikio. Kisha akafungua viganja vyake vidogo, akavitemea mate kidogo katikati, kama wanavyobariki kwetu, akisema maneno ambayo sikuyasikia. Mke wa ndugu yangu mkono ulienda kwenye mkoba kutafuta tishu yenye maji, ukafika nusu njia, ukarudi. Nilimpenda hapo hapo. Mtoto alitazama viganja vyake. Akafikiri. Kisha akashika mkono wa mama, akaufungua, akautemea naye, kwa nguvu zake zote.

Tulicheka hadi watu wa makundi mengine wakatutazama. Tukanywa chai. Mama alimlisha mtoto biskuti, mtoto akamlisha mama, wakaongea kila mmoja lugha yake bila kusubiriana. Ndugu yangu aliketi miguuni pa mama.

Bendera ilipoinuliwa, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alimshika mwanawe kichwa, akamshika mkamwana wake mashavu, akaingia kwenye mstari. Mtoto naye, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, alishika mkono wake na kupanga mstari pia. Baba yake alimwita, hakugeuka. Tulitembea hivyo hadi mlangoni mwa basi, ambapo mwongozaji alituhesabu kwa kidole, akasita, akatuhesabu tena, akatazama karatasi.

"Tumezidi mmoja," akasema kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" mama akauliza, ingawa alikuwa ameelewa.

"Anasema tumezidi mmoja."

Mama hakuuachilia ule mkono. "Mwambie hatujazidi," akasema. "Mimi na huyu tunahesabiwa mara moja."

Nikatafsiri kama nilivyoweza. Yule msichana akamtazama mama, akamtazama mtoto, kisha akakunja karatasi yake na kumwambia dereva asubiri kidogo.